Sura ya 4: Kifafa Katika Zahanati

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaomletea mtu mashambulio ya mara kwa mara pasipo kichocheo cha papo hapo kama homa kali, kushuka kwa sukari au kuacha pombe ghafla. Wakati wa shambulio, kundi la seli za ubongo hutoa umeme kwa wingi na kwa pamoja kuliko kawaida, na kinachoonekana nje hutegemea seli hizo ziko upande gani wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na ugonjwa huu, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko Ulanga, mkoani Morogoro, utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta wagonjwa 10 hivi katika kila watu 1,000. Katika eneo la namna hiyo, zahanati inayohudumia watu 5,000 ina wagonjwa wa kifafa wapatao 50, hata kama daftari lake lina majina matatu tu. Waliobaki wako majumbani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao wangeweza kupona mashambulio. Shirika hilohilo linasema watu hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kupewa dawa ipasavyo, lakini katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba. Dawa yenyewe si ngeni wala si ghali: fenobabitoni inatumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912, daktari wa Kijerumani Alfred Hauptmann alipoona kuwa inapunguza mashambulio ya wagonjwa wake. Mahenge, katika wilaya hiyohiyo ya Ulanga, ilionekana tangu miaka ya 1960 kwamba tiba hii inawezekana hata kijijini. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa, akatibu kwa dawa chache za bei nafuu watu waliokuwa wamefichwa na kutengwa, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto. Mashine za kupima ubongo hazikuwepo. Kilichokuwepo ni masikio ya kusikiliza, vidonge na daftari la kufuatilia.

Maelezo ya aliyeona

Kifafa hutambuliwa kwa maelezo. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa cha kweli, na picha ya ubongo humsaidia daktari kutafuta chanzo zaidi kuliko kuthibitisha ugonjwa. Kwa hiyo tabibu wa zahanati hajapungukiwa na kitu kikubwa katika kazi hii, mradi ampate shahidi. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki lolote. Anajua tu kwamba alikuwa anachota maji kisha akajikuta kitandani, ulimi unauma na nguo zimelowa. Anayejua kilichotokea katikati ni mama, mke, mwalimu au mpita njia. Kama shahidi hakuja, apigiwe simu mgonjwa akiwa bado amekaa hapo. Kama nyumbani kuna simu yenye kamera, familia iombwe irekodi shambulio lijalo, kwa sababu nusu dakika ya video humaliza ubishi ambao maneno hayaumalizi.

Swali la kwanza lisiwe «Je, anaanguka kifafa?» Jibu lake litakuwa ndiyo au hapana, na halina faida. Shahidi aachwe asimulie tangu mwanzo: mgonjwa alikuwa anafanya nini, amesimama au amelala, alisema nini kabla, macho yalikuwa wazi au yamefumba, mkono gani ulianza kutikisika, uso uligeuka rangi gani, ilichukua muda gani, na baada ya hapo alikuwaje. Muda hukuzwa na hofu. Dakika 2 husimuliwa kuwa nusu saa, maana msimulizi huhesabu pia usingizi unaofuata. Njia nzuri ni kumwomba aigize kilichotokea, tabibu akitazama saa.

Shambulio kubwa la mwili mzima lina mpangilio unaotambulika. Mtu huanguka ghafla, pengine kwa ukelele. Mwili hukakamaa, pumzi hukatika, midomo hubadilika rangi. Kisha mikono na miguu hutupwa kwa mdundo, povu hutoka mdomoni, mara nyingine likiwa na damu kwa sababu ulimi umeng'atwa pembeni. Anaweza kujikojolea. Kwa kawaida mtikisiko hukoma ndani ya dakika 3, na hufuatwa na usingizi mzito, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma na misuli kuchoka kama ya mtu aliyelima kutwa.

Aina nyingine hupita bila kugunduliwa. Mtoto wa shule hukatika ghafla katikati ya sentensi, akakodoa macho sekunde 10, kisha akaendelea kama kwamba hakuna kitu. Mwalimu humwita mzembe, na yeye hukosa nusu ya somo kila siku. Mtu mzima huweza kutafunatafuna, kupapasa vifungo vya shati na kutojibu anapoitwa, kwa dakika moja au mbili. Mwingine hutikisika kidole gumba, kisha mkono, kisha uso wa upande huohuo, akili ikiwa timamu. Shambulio linaloanzia sehemu moja ya mwili ni habari muhimu, kwa kuwa linaonyesha kuwa eneo fulani la ubongo lina kasoro: kovu, uvimbe, mishipa iliyoziba.

Vinavyofanana na kifafa

Kuzimia ndiko kunakochanganywa na kifafa mara nyingi zaidi. Anayezimia kwa kawaida alikuwa amesimama, kwenye joto, foleni, njaa au baada ya kuona damu. Huhisi kizunguzungu, giza hutanda machoni, jasho jembamba humtoka, huanguka amepauka, na akilazwa chini huamka upesi akijua alipo. Mikono yaweza kurukaruka mara chache, jambo hili lisimdanganye tabibu. Kuzimia wakati wa kukimbia au kufanya kazi nzito ni suala la moyo, na mgonjwa huyo anahitaji rufaa.

Kuna pia mashambulio yatokanayo na dhiki ya moyoni, ambayo pengine jamii huyaeleza kuwa ni kupandisha mashetani. Hapa macho mara nyingi hufumbwa kwa nguvu, kichwa hutikiswa huku na huku, mitikisiko huanza na kukoma kwa muda mrefu, na tukio hutokea mbele za watu. Mtu huyu hajifanyi. Anateseka kweli, na anahitaji kusikilizwa faraghani. Vidonge vya kifafa havitamsaidia. Ugumu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Degedege la homa la watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 si kifafa. Likiwa la mwili mzima, limekwisha ndani ya dakika 15 na halikujirudia katika saa 24, mtoto hahitaji dawa ya kifafa ya kila siku. Anachohitaji ni kutafutiwa chanzo cha homa siku hiyohiyo: kipimo cha malaria, kipimo cha sukari, na uchunguzi wa shingo, utosi na hali ya fahamu kwa kuhofia homa ya uti wa mgongo. Katika sehemu nyingi za pwani na bara mtoto mwenye degedege hupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, na saa zinazopotea njiani ndizo zinazoua. Tabibu mwenye busara hafanyi uadui na mganga huyo. Humtembelea, wakakubaliana kwamba mtoto anayetikisika na mwenye homa apitie zahanati kwanza.

Mjamzito aliyepita wiki ya 20 na kupatwa na mitikisiko kwa mara ya kwanza achukuliwe kuwa ana kifafa cha mimba hadi ithibitike vinginevyo. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoambatana na shinikizo la damu. Tiba yake ni magnesiamu salfeti, kushusha shinikizo na kumfikisha haraka mahali panapoweza kuzalisha.

Shambulio lisilokoma

Shambulio lililopita dakika 5, au mashambulio yanayofuatana bila mgonjwa kurudiwa na fahamu, ni dharura. Alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, vitu vya hatari viondolewe. Kijiko, kitambaa au kidole visiingizwe mdomoni kamwe: huvunja meno na kuziba njia ya hewa, wala ulimi haumezwi. Sukari ipimwe, kama haiwezekani kupimwa, atibiwe kana kwamba imeshuka.

Dawa ya kwanza ni diazepamu. Kama mshipa haupatikani, na kwa mtoto anayetikisika mara nyingi haupatikani, hupitishwa njia ya haja kubwa: nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, isizidi 10. Dawa huvutwa kwenye bomba dogo, sindano huondolewa, bomba lililopakwa mafuta huingizwa sentimita 4 hadi 5, dawa husukumwa taratibu, kisha makalio hubanwa pamoja kwa dakika chache ili isitoke. Isichomwe kwenye msuli, kwa kuwa hufyonzwa polepole mno. Mtikisiko ukiendelea baada ya dakika 10, dozi hurudiwa mara moja tu. Dozi ya tatu yaweza kusimamisha pumzi, na zahanati haina mashine ya kupumulia. Kuanzia hapo gari linatafutwa huku mgonjwa akiangaliwa pumzi.

Kutafuta chanzo

Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani, na hilo halizuii tiba. Hata hivyo, Afrika Mashariki ina vyanzo vinavyojirudia vinavyostahili kuulizwa: kuzaliwa kwa shida na kuchelewa kulia, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa (bodaboda zimeongeza hawa), kiharusi kwa wazee, na maambukizi ya ubongo kwa wenye VVU. Malaria kali ya ubongo huacha alama yake: watoto waliofuatiliwa Kilifi, Kenya, baada ya kupona malaria hiyo walionekana kupata kifafa kwa kiwango cha karibu mmoja kati ya kumi, juu sana ya watoto wenzao.

Tegu wa nguruwe anahitaji maelezo ya kutosha, maana hueleweka vibaya. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vivimbe isiyoiva hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na choo cha binadamu, na ni mayai hayo, yakimezwa kwa mikono michafu, maji au mboga, yanayoanguliwa, yakasafiri kwa damu na kujenga vivimbe ndani ya ubongo. Kwa hiyo hata Mwislamu ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kupata kifafa cha tegu, ikiwa jirani yake ana tegu na hana choo. Katika maeneo yenye nguruwe wanaozurura, kama Mbulu kaskazini mwa Tanzania, hiki ni chanzo kikubwa. Mgonjwa wa kifafa kutoka maeneo hayo asipewe prazikwanteli kiholela: dawa ikiua vivimbe vya ubongo kwa mkupuo, uvimbe unaozuka unaweza kuleta mashambulio makali. Wauguzi wanaogawa dawa za kichocho katika kampeni wanapaswa kulijua hili.

Usubi nao una uhusiano na kifafa. Mahenge, kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, vijiji vilivyo karibu na mito wanamozaliana inzi wa usubi vina kifafa kingi kuliko vingine, na baadhi ya watoto huanza kwa kusinzia kichwa mara kwa mara, hasa wakati wa kula. Jinsi mnyoo wa usubi unavyoleta ugonjwa huo bado inachunguzwa, lakini kugawa ivamektini kwa watu wote na kuua mabuu ya inzi mitoni ni kinga inayofaa kusisitizwa tangu sasa.

Uchunguzi wa mwili usirukwe. Udhaifu wa upande mmoja, tofauti ya mboni za macho, shingo ngumu, homa, au kichwa kinachouma zaidi kila wiki huonyesha ugonjwa mwingine unaoendelea ndani. Hao ndio wa kupelekwa hospitali yenye mashine ya picha, pamoja na mtu mzima aliyeanza kuanguka bila historia yoyote. Kuwapeleka wote huwavunja moyo: nauli huisha, foleni ni ndefu, na wengi hawarudi tena hata zahanati.

Dawa

Mashambulio mawili bila kichocheo, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, yanatosha kuanza tiba. Huanzwa na dawa moja, kwa dozi ndogo, ikapandishwa polepole. Kosa linaloonekana sana ni kuongeza dawa ya pili kabla ya ile ya kwanza kufika kipimo chake.

Fenobabitoni bado ndiyo dawa ya vijijini, kwa bei yake na kwa kuwa hunywewa mara moja kwa siku. Mtu mzima huanza na miligramu 60 usiku, yaani vidonge viwili vya miligramu 30, na anaweza kufikishwa 180. Mtoto huanza na miligramu 2 hadi 3 kwa kilo. Dawa hii hutoka mwilini polepole, hivyo huchukua wiki 2 hadi 3 kutulia katika damu. Mgonjwa akianguka siku ya tano, dawa haijashindwa, haijafika. Asipoelezwa hivyo siku ya kwanza, atarudi kwa mganga na kusema vidonge havifai. Usingizi wa wiki za mwanzo hupungua. Kwa watoto huweza kuleta utundu na ugumu wa kusoma, na mzazi aulizwe habari hizo kila anaporudi.

Kabamazepini hufaa zaidi mashambulio yanayoanzia sehemu moja. Mtu mzima huanza na miligramu 100 hadi 200 kwa siku na wengi hutulia wakifika 400 au zaidi, zikigawanywa mara mbili. Kwa mtoto anayekodoa macho, au mgonjwa anayeshtuka mikono ghafla asubuhi, dawa hii inaweza kuzidisha ugonjwa. Fenitoini, inayotumika tangu 1938, husaidia, lakini kiwango chake kwenye damu huruka ghafla dozi ikiongezwa kidogo. Fizi zinazofura na mwendo wa kilevi ni dalili zake. Vipele vinavyotokea wiki za mwanzo kwa dawa yoyote kati ya hizi, hasa vikiwa na vidonda mdomoni au machoni, vinataka dawa isimamishwe na mgonjwa apelekwe mbele siku hiyohiyo.

Sodiamu valproeti ni dawa nzuri kwa aina nyingi za kifafa, lakini wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa wasianzishiwe. Karibu mtoto 1 kati ya 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro za maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kukua kiakili. Kwao lamotrijini au levetirasetamu ndizo bora, pale zinapopatikana. Mwanamke mwenye kifafa anywe asidi ya foliki miligramu 5 kila siku tangu kabla ya kushika mimba. Akija kliniki tayari mjamzito, asiambiwe aache dawa. Kuanguka kunaweza kumuua yeye na mtoto. Kunyonyesha kunaruhusiwa.

Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huharakisha kazi ya ini na kuzimaliza dawa nyingine upesi. Vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi hushindwa, ilhali kitanzi na sindano ya miezi mitatu havipungui nguvu. Mwenye VVU anayetumia dolutegraviri pamoja na kabamazepini huhitaji dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja. Mambo haya huanguka katikati ya vyumba viwili vya kituo kimoja, kwa sababu kliniki ya VVU haiulizi kifafa na chumba cha kifafa hakiulizi uzazi wa mpango.

Moto, maji na dawa isiyokatika

Majeraha ya kifafa hutokea zaidi jikoni na mtoni. Mgonjwa apikie kwenye jiko lililoinuliwa au lililojengewa ukingo, badala ya mafiga wazi, na asiepue sufuria ya maji moto peke yake. Aoge kwa ndoo nyumbani, asivue wala kuogelea peke yake, asipande minazi, asiendeshe bodaboda. Imani kwamba povu au ushuzi wa mgonjwa unaambukiza imewaacha watu waungue motoni huku ndugu wakitazama. Kifafa hakiambukizi kwa kugusana, na tabibu aseme hivyo mbele ya familia nzima, huku mwenyewe akimshika mgonjwa mkono.

Tiba nyingi huvunjika kwa sababu dawa imekwisha stoo. Fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, hivyo taratibu za kuiagiza ni nyingi kuliko za paracetamoli, na kukatika ghafla kwa wiki moja kunaweza kuleta mashambulio mfululizo yanayoua. Tabibu ahesabu wagonjwa wake, azidishe kwa vidonge vyao vya miezi mitatu, na kuagiza kabla rafu haijawa tupu. Anayekaa mbali au ng'ambo ya mto unaofurika masika apewe dawa za miezi miwili au mitatu, baada ya kuulizwa kwa upole kama amekata tamaa ya kuishi. Huzuni kali ni ya kawaida kwa wenye kifafa, na fenobabitoni nyingi kwa mkupuo huua.

Kila anaporudi, kadi yake ioneshe idadi ya mashambulio tangu mara iliyopita, vidonge vilivyobaki na uzito, kwa kuwa dozi ya mtoto hupitwa na mwili wake. Akiendelea kuanguka licha ya dozi kamili anayoinywa kweli, abadilishiwe dawa ya kwanza kwa kupishanisha taratibu na ya pili. Ikishindikana na ya pili, ni wakati wa daktari bingwa.

Mgonjwa aliyekaa miaka 2 bila shambulio lolote anaweza kufikiriwa kuacha, akiamua pamoja na familia baada ya kuelezwa kuwa ugonjwa huweza kurudi, hasa kwa mwenye kovu la ubongo linalojulikana. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua kwa miezi 2 au zaidi, si kwa siku moja, na katika kipindi hicho tahadhari za moto, maji na barabara hubaki vilevile. Akianguka tena, hurudishwa kwenye dozi ya mwisho iliyokuwa imemtuliza.